Kabla ya Kiberiti: Ushauri kwa Wenye Nyumba Miteremkoni Uluguru

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi vuli inapoanza kunyesha, mkazi wa Morogoro mjini akiinua macho kuelekea vilele vya Lupanga au Bondwa haachi kuona moshi. Mchana ni moshi, usiku ni mistari myekundu inayotambaa mlimani. Aliye Kihonda anaweza kutazama, akatikisa kichwa, akaenda kulala. Aliye Mlimani, Bigwa, Kilakala, Luhungo, au juu zaidi kule Towelo na Ruvuma, halali. Yeye anajiuliza moto uko upande gani wa nyumba yake na upepo unauelekeza wapi.

Huo ndio unaoitwa moto kichaa: moto uliowashwa na mtu kwa kazi yake halali au ya siri, ukamshinda, ukaenda kumtembelea asiyehusika. Katika milima hii radi haina lawama kubwa, kwa kuwa huja na mvua. Kiangazi moto una mwenyewe: anayeandaa shamba kabla ya mvua, mrina asali mwenye kienge, mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila mlinzi, mwindaji anayefukuza ndezi vichakani, mpita njia aliyetupa kipisi cha sigara.

Mwenye nyumba asiyefanya lolote kati ya hayo bado ana wajibu wake, na ni vizuri aujue mapema. Gari la zimamoto haliwezi kupanda kila mahali. Barabara ya kwenda Morningside yenyewe ni ya mawe na makorongo, na ukiiacha, nyumba nyingi hufikiwa kwa njia ya miguu kati ya migomba. Kwa hiyo saa ya kwanza ya moto mlimani ni ya mwenye nyumba na majirani zake. Ukizisoma sheria zetu za moto kwa jicho hilo, utaona zinadai jambo moja: watu, zana na makubaliano yawepo kabla kiberiti hakijawashwa.

Sheria zinazokugusa

Ya kwanza ni Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo ina masharti yake mahususi kuhusu uchomaji wa uoto. Kiini chake ni hiki: moto unaowasha katika eneo lako uwe moto unaoweza kuudhibiti, jirani yako asishtukizwe, na ukivuka mpaka wewe ndiye wa kuulizwa. Ndani ya hifadhi ya msitu hakuna mjadala: huwashi moto bila idhini ya wenye mamlaka. Na hapa kwetu msitu ulio juu ya nyumba zetu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kama shamba lako linapakana na mpaka wa hifadhi, zijue alama za mpaka zilipo, na uzijue vizuri kuliko unavyozijua za jirani yako mkorofi.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi ni kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha maisha, na kuchoma mazao au miti ya mwenzako kwa makusudi nalo ni kosa la jinai. Wengi hudhani kesi ya moto wa shamba huishia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mbuzi wa fidia. Haiishii huko kila mara.

Ya tatu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huenda ukauliza inahusiana vipi na moto. Inahusiana sana, kwa sababu bonde lenye miti mibichi kando ya kijito ni kizuizi cha moto ulichopewa bure. Ukilifyeka na kulilima, kiangazi linageuka njia ya moto kupandia hadi kwako.

Ya nne ndiyo iliyo karibu nawe kuliko zote: sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Mjini kazi hiyo ni ya halmashauri ya manispaa. Humo ndimo utakuta miezi ambayo kuchoma kumepigwa marufuku, anayetoa kibali, faini, na nani anawajibika kwenda kuzima. Viwango hutofautiana kati ya kijiji na kijiji na hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichokuambia shemeji yako wa Kinole ikiwa wewe uko Tegetero. Nenda kwa mtendaji wako, omba kuiona sheria ndogo ya moto, isome pale pale, nakili vifungu vinavyokuhusu.

Kibali ni watu

Watu wengi hukwepa kuomba kibali cha kuchoma kwa sababu wanakiona ni karatasi ya usumbufu. Tazama kibali kinakulazimisha ufanye nini. Unamweleza mtendaji siku na saa. Unawaarifu majirani wa pande zote nne. Unaonyesha kinga moto, ukanda uliousafisha. Unataja watu watakaokuwepo. Ukimaliza hayo tayari una kikosi cha zimamoto, hata kama muhuri haujagongwa.

Fuata utaratibu huu hata pale ambapo hakuna anayekagua. Kwanza, safisha kinga moto kuzunguka eneo lote utakalochoma, ardhi ionekane, upana usipungue mita 3, na upande wa juu wa mteremko uzidishe. Pili, sogeza masalia mazito mbali na mpaka. Magogo na visiki vilivyo ukingoni ndivyo hurusha cheche upande wa pili. Tatu, chagua saa. Katika miteremko yetu upepo wa mchana hupanda mlima kadiri jua linavyochoma. Jioni hulegea, na usiku hewa ya baridi huanza kushuka. Moto uliowashwa saa nne asubuhi kwa matumaini kwamba kumetulia hukutana na upepo wa adhuhuri ukiwa bado mbichi. Subiri jioni, upepo ukishalegea na umande ukiwa njiani.

Nne, washa kuanzia juu. Hili ndilo wageni wa mlimani hukosea. Moto unaopanda hupasha joto nyasi zilizo mbele yake kabla haujazifikia, hivyo hukimbia. Wataalamu wa moto wa Australia hukadiria kwamba kila mteremko unapoongezeka nyuzi 10, mwendo wa moto unaopanda huongezeka mara mbili. Moto unaoshuka huenda polepole, na mtu mwenye tawi bichi anaweza kuufuata. Washa ukanda mwembamba juu, uache uungue na kuzimika, ndipo ushuke ukanda unaofuata.

Tano, usiondoke. Ukidhani umezimika, pita tena ukisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki, bila kugusa. Mizizi mikavu huvuta moto chini kwa chini na kuutoa mahali pengine kesho yake saa nane mchana, wewe ukiwa sokoni. Panga mtu wa kulala karibu na shamba, na mwingine wa kurudi asubuhi.

Kuna jambo la Kiluguru hapa ambalo mshauri wa kutoka mbali asingeliona. Sehemu kubwa ya ardhi mlimani ni ya ukoo, na hurithiwa kwa upande wa mama. Anayelima mara nyingi siye mwenye kauli ya mwisho, na wengine ni wapangaji wa msimu. Mpangaji akichoma na moto ukatoroka, ugomvi unaangukia ukoo. Basi mnapokubaliana kukodishana shamba, semeni mapema mbele ya shahidi: kuchoma kunaruhusiwa au la, na kama kunaruhusiwa, ni baada ya kumwarifu nani. Likiandikwa ni bora zaidi.

Itazame nyumba kwa jicho la cheche

Utafiti wa mioto ya Marekani na Australia umeonyesha jambo linalowashangaza wengi: nyumba nyingi zinazoteketea haziguswi kwanza na ukuta wa moto. Huchomwa na cheche zilizorushwa na upepo, zikatua mahali pakavu, zikajipatia chakula. Moto wa nyasi unaweza kupita mita kadhaa kutoka kwako ukaenda zake, na nyumba ikaanza kuungua nusu saa baadaye kila mtu akiwa ameshapumua.

Kwa hiyo zunguka nyumba yako siku moja ya Julai ukijiuliza: ningekuwa cheche, ningeingilia wapi? Tazama upenyo kati ya bati na ukuta. Katika nyumba zetu nyingi za tofali za kuchoma, mawimbi ya bati huacha matundu juu ya ukuta, na ndani yake kuna viota vya ndege, buibui, na dari ya mbao nyepesi. Ziba kwa udongo, saruji au wavu wa chuma wenye matundu madogo. Gata la kukingia maji ya mvua likijaa majani ya mwembe, hilo ni kuni zilizopangwa kwenye ukingo wa paa, lisafishe. Dirisha la kioo kilichovunjika lililozibwa kwa kiroba, libadilishe.

Shuka chini. Kuni zimepangwa wapi? Jibu la karibu kila nyumba ni ukutani mwa jiko, chini ya upenu, ambapo mvua haizifiki. Kiangazi hazihitaji upenu. Zihamishie mbali, mita 10 au zaidi, kwa upande, zisiwe moja kwa moja chini ya nyumba kwenye mteremko. Vivyo hivyo pumba za mahindi, magunia matupu, na mkaa. Banda la kuku lililoezekwa nyasi na kuegemezwa ukutani ni utambi wa nyumba nzima. Kama huna uwezo wa bati kwa nyumba na banda, ezeka banda kwa nyasi lakini lisogeze. Mtungi wa gesi uwe mahali unapoweza kuufunga na kuutoa haraka bila kupita jikoni penye moto.

Jikoni kwenyewe, majivu ya jioni yasitupwe jalalani kabla hayajamwagiwa maji. Mioto mingi inayosingiziwa wachoma mashamba huanzia kwenye jalala la nyumbani.

Kusafisha bila kuuvua mlima nguo

Jimbo la California nchini Marekani lina sheria inayowataka wenye nyumba katika maeneo ya moto wasafishe eneo la futi 100, yaani mita 30 hivi, kuzunguka nyumba. Ni kipimo chenye akili, ila ukikichukua kama kilivyo na kukileta Luhungo utajiletea balaa jingine. Mteremko ulioparuliwa kwa jembe mita 30 kila upande Septemba utakutana na vuli ukiwa uchi. Udongo utashuka, msingi utafunuka, na jirani wa chini atapokea tope lako sebuleni. Tena viwanja vyetu vingi havifiki hata mita 30.

Gawa eneo kwa mizunguko. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani iwe safi kabisa: udongo, changarawe au mawe, bila ua kavu wala kuni. Kutoka hapo hadi mita 10, fyeka nyasi zisizidi kifundo cha mguu, lakini usizing’oe. Mizizi ibaki ishike udongo. Punguza matawi ya chini ya miti hadi kimo cha mtu, moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Zaidi ya hapo, hadi pale mpaka wako unapofika, ondoa vikavu tu na uache mibichi. Upande wa chini wa mteremko ndio wa kupewa nguvu zaidi, kwa kuwa moto hupanda kutokea huko.

Chagua mimea pia. Mgomba ni rafiki wa mwenye nyumba, kwa kuwa shina lake limejaa maji. Safu ya migomba iliyoondolewa majani makavu hupunguza kasi ya moto wa nyasi. Mkaratusi ni kinyume chake: magome yake makavu hubanduka, mafuta ya majani huwaka kwa ukali, na upepo huyabeba magome hayo yakiwa na moto. Kama unayo karibu na nyumba, fagia chini yake kila wiki ya kiangazi, na usipande mingine hapo.

Vipi kuhusu kiwanja cha pembeni ambacho mwenyewe yuko Dar es Salaam na nyasi zimefika kifuani? Usikichome ili kujihami. Ukifanya hivyo kosa linakuwa lako. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ukitaja mahali kiwanja kilipo na hatari yake, na uhifadhi nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Huku ukisubiri, panua kinga moto upande wako.

Shamba linaweza kuandaliwa bila moto

Anayechoma ana sababu zake: moto ni nafuu, unaua magugu, unafukuza panya, na majivu yanastawisha mahindi ya mwaka wa kwanza. Tatizo ni mwaka wa tatu. Majivu yameoshwa na mvua, mboji imeungua, udongo mwekundu umebaki mtupu.

Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, wakulima wana jibu la siku nyingi. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari kukingama mteremko, kisha huvuta udongo wa juu na kuyafukia, wakipata matuta ya ngazi yanayolisha mboga. Magugu yanayochomwa kwingine, kule yanageuka mbolea. Usipoweza kufukia, yaache masalia yakae kwa mistari na upande mabingobingo ukingoni. Anayerina asali atumie bomba la moshi badala ya kienge cha wazi, na achague usiku usio na upepo.

Kumbuka pia kinachoungua juu yetu. Msitu wa mawingu wa Uluguru haukuzoea moto kama misitu ya miombo. Ukiungua, miti hufa na mahali pake huota nyasi na kangaga, ambavyo huwaka upesi zaidi mwaka unaofuata. Na msitu huo ndio chanzo cha vijito vya mji wa Morogoro, cha Ngerengere inayojaza bwawa la Mindu, na cha Ruvu inayonywesha Dar es Salaam.

Moto ukishafika

Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usiseme “kuna moto mlimani” pekee. Taja mtaa au kitongoji, alama inayojulikana kama shule, kanisa, msikiti au daraja, na gari linaweza kufika wapi. Kisha mpigie mwenyekiti, na ikiwa moto uko hifadhini au unaelekea huko, waarifu TFS. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: kubalianeni mapema mbiu yenu ni ipi, kengele ya shule au debe, na watu wakutane wapi.

Watoto, wazee na wagonjwa waondoke kwanza, mapema, wakiwa bado wanaona njia. Waelekee pembeni na chini, kamwe wasipande mlima mbele ya moto wala wasiingie korongoni, kwa sababu korongo huvuta moto na moshi kama bomba. Anayebaki kuzima avae nguo za pamba zenye mikono mirefu na viatu vya ngozi. Nailoni huyeyuka mwilini. Funga madirisha, zima umeme kwenye meinswichi, funga gesi, fungua mifugo. Hati na vyeti viwe vimeshafungashwa kwenye mfuko mmoja tangu Agosti.

Zana za kuzimia ni zile zile za shamba: fyekeo, jembe, reki, matawi mabichi, ndoo, na bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lililooshwa vizuri na kujazwa maji. Shambulieni moto kutokea pembeni na nyuma, mahali palipokwisha kuungua, asibaki mtu peke yake. Mwali ukizidi kimo chenu, acheni nyasi, lindeni nyumba. Na sheria inawapa wasimamizi wa misitu uwezo wa kuwaamuru waliopo wasaidie kuzima. Kukunja mikono na kupiga picha kwa simu si haki yako.

Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 95, na mbali na askari wa hifadhi, walioupandia kwa miguu ni mamia ya wananchi na wanafunzi. Kama mlima wenye hifadhi ya taifa uliwahitaji, Uluguru itawahitaji zaidi.

Lipelekeni mkutanoni

Mwaka 1955 Waluguru walikataa kwa nguvu mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha matuta na masharti mengine ya ardhi, na mpango ukafa. Masharti yaliyoshushwa kutoka juu bila kauli ya wenye mlima hayakudumu. Sheria ya moto nayo itashika pale tu watakapokuwa wameijadili wanaoishi nayo.

Basi fanya mambo matatu kabla ya Agosti ijayo. Omba ajenda ya moto iingizwe katika mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa wa robo ya pili ya mwaka, wakati nyasi bado ni mbichi na watu bado hawajagombana. Toka mkutanoni na orodha: nani ana bomba la mgongoni, nani ana fyekeo, nani anapiga simu, nani anabeba wazee. Kisha rudi nyumbani, hamisha zile kuni zilizo ukutani. Usipozihamisha mwezi huu, Oktoba utakuwa umechelewa.